Reli ya Talyllyn: Makumbusho Yanayokwenda kwa Mvuke

Katika makumbusho mengi mtambo wa zamani huwekwa juu ya jukwaa, ukapakwa rangi, na kando yake likasimamishwa bango la kumwonya mtazamaji asiguse. Katika mji mdogo wa Tywyn, ulio pwani ya magharibi ya Wales nchini Uingereza, mambo ni kinyume. Huko, injini za garimoshi zilizoundwa mwaka 1864 na 1866 bado huwashwa moto kwa kuni na makaa ya mawe, zikapanda bonde zikivuta mabehewa yaliyojaa abiria. Tena wengi wa wanaoziwasha, wanaozipaka mafuta, wanaokata tiketi na wanaobadilisha mataruma hawalipwi hata senti moja. Wao ni walimu, makarani, wahandisi, wanafunzi na wastaafu ambao huitoa likizo yao kwa kazi hiyo. Waajiriwa wapo, lakini ni wachache.

Reli hiyo inaitwa Talyllyn. Ilikuwa ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Msomaji aweza kudhani kwamba hii ni habari ya watu wenye nafasi wanaocheza na vitu vya kale. Binafsi nilikuwa na dhana hiyo hiyo nilipofika Tywyn kwa mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Niliporudi jioni nilikuwa na masizi hadi masikioni, na swali ambalo halijanitoka hadi leo: je, tunapouhifadhi mtambo, tunahifadhi nini hasa?

Tuanze na chanzo chake. Katika miaka ya 1860 vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilikatiza pamba iliyokuwa ikipelekwa katika viwanda vya Manchester. Baadhi ya wenye viwanda hivyo walitafuta mahali pengine pa kuweka mitaji yao, wakakodi machimbo ya Bryn Eglwys, yaliyotoa mawe ya sleti, yaani mawe ya kijivu yanayopasuliwa yakawa vigae vyembamba vya kuezekea nyumba. Ili kuyashusha mawe hayo walijenga reli iliyoidhinishwa na Bunge mwaka 1865. Upana kati ya pau zake mbili ni milimita 686 tu. Kwa kulinganisha, reli ya zamani ya kutoka Mombasa kwenda Uganda ina upana wa milimita 1,000, ile ya TAZARA 1,067, na reli mpya za Kenya na Tanzania 1,435. Wembamba huo ulipunguza gharama, kwani uliwezesha kukata kona kali milimani na kujenga madaraja madogo.

Madaraja hayo kwa kweli yalikuwa madogo kupita kiasi. Mkaguzi wa serikali, Kapteni Tyler, alipokuja kuikagua njia mwaka 1866 aliona kwamba nafasi kati ya behewa na ukuta wa daraja haimtoshi mtu kufungua mlango na kutoka endapo garimoshi lingekwama hapo. Badala ya kuyabomoa madaraja, wenye reli walizisogeza pau upande mmja wa njia na kuifunga kabisa milango ya upande mwingine. Ndiyo maana hadi leo milango ya mabehewa iko upande mmoja tu, na stesheni zote zimejengwa upande huo. Kosa la vipimo la miaka zaidi ya 150 iliyopita bado linamwamuru abiria ashukie wapi.

Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Sir Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo. Mwaka 1946 sehemu ya machimbo iliporomoka, na kazi ya kuchimba ikakoma. Serikali ya Uingereza ilipotaifisha reli mwaka uliofuata, Talyllyn haikuwamo katika orodha. Sir Haydn alikuwa ameahidi kwamba garimoshi litatembea maadamu yu hai, na ahadi hiyo aliitimiza hadi alipofariki Julai 1950. Oktoba mwaka huo huo mwandishi mmoja aliyesomea uhandisi, Tom Rolt, pamoja na wenzake, waliitisha mkutano katika jiji la Birmingham. Hapo ndipo ilipoundwa jumuiya ya kuitunza reli, na tarehe 14 Mei 1951 garimoshi la kwanza la watu wa kujitolea likaondoka Tywyn.

Hali waliyoikuta ilikuwa ya kusikitisha. Kati ya injini mbili, ile iitwayo Talyllyn haikufaa tena kwa kazi, na safari zote zilitegemea nyingine, Dolgoch, ambayo nayo ilikuwa imechakaa. Mataruma yalikuwa yameoza, na mahali pengi majani yaliyoota kati ya pau yalisaidia kuzishikilia zisitawanyike. Kwa bahati njema reli jirani ya Corris, yenye upana ule ule wa milimita 686, ilikuwa imefungwa mwaka 1948. Jumuiya ikanunua injini zake mbili zilizobaki, kila moja kwa pauni 25, ikazipa majina ya Sir Haydn na Edward Thomas.

Hapa ndipo palipotokea tukio ambalo kila mwanafunzi wa fizikia anapaswa kulitafakari. Sir Haydn iliwekwa relini, na mara ikaanza kuanguka, magurudumu yakidondoka kati ya pau. Injini ilikuwa nzima na upana wa njia ulijulikana. Kosa lilikuwa wapi? Walipopima kwa makini waligundua kwamba pau zilikuwa zimetandikwa zikiwa mbali kuliko kipimo rasmi kwa takriban milimita 13. Wala haukuwa uzembe. Ekseli za Dolgoch ziko mbali moja na nyingine, na gari la namna hiyo hupata taabu kwenye kona, kama vile ubao mrefu usivyopita kirahisi penye pembe ya ukumbi. Mafundi wa kale walikuwa wameipanua njia kwa makusudi ili Dolgoch ipate nafasi ya kugeuka. Injini zao mbili zilikuwa na magurudumu yenye nyuso pana, kwa hiyo hazikudhurika. Magurudumu ya Sir Haydn yalikuwa na nyuso nyembamba, yakakosa pa kukanyaga.

Milimita 13 hizo hazikuwa katika mchoro ulioongoza ununuzi. Zilikuwa katika vichwa vya mafundi. Watu wale walipoondoka, maarifa yaliondoka nao, yakaja kugunduliwa upya kwa ajali. Laiti Talyllyn ingefungwa mwaka 1950 na Dolgoch ikapelekwa katika jumba la makumbusho, mtazamaji angeuona mtambo mzima, na lile jambo lisingejulikana kamwe.

Maarifa ya namna hiyo yamejaa zaidi katika boila. Tuseme boila ina mvuke wenye kanieneo ya angahewa 8 juu ya ile ya kawaida. Katika hali hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100 za Selsiasi bali kwa nyuzi 175 hivi. Endapo boila itapasuka, kanieneo itashuka ghafla, na maji yale yatakuwa na joto ambalo hayawezi tena kulibeba yakiwa kimiminika. Hesabu rahisi ya joto fiche huonyesha kwamba karibu sehemu moja katika saba itageuka mvuke papo hapo. Ikiwa mlikuwa na maji ya kilo 1,000, kilo 140 hivi zitakuwa mvuke, nao utahitaji nafasi ya takriban mita za ujazo 240. Darasa la urefu wa mita 9, upana wa mita 8 na kimo cha mita 3 halitoshi. Mlipuko wa boila hauhitaji baruti. Maji yenyewe yanatosha.

Kwa sababu hiyo mchocheaji huangalia kioo cha kupimia maji kuliko anavyouangalia moto. Maji hayana budi kuifunika dari ya tanuri wakati wote, kwani chuma kisichogusana na maji hulainika upesi. Njia ya Talyllyn hupanda kutoka pwani kuelekea milimani, na injini hutazama mlimani. Zinapopanda, maji hujikusanya nyuma, juu ya tanuri, penye joto kali. Zinaporudi, hazihitaji moto mkubwa. Mchocheaji mpya hufundishwa kwamba kioo husema jambo moja kwenye mteremko na jingine kwenye tambarare, na kwamba asikiamini mpaka ajue amesimama wapi.

Kadhalika boila haiwashwi kwa pupa. Chuma hutanuka: boila ya mita 3 ikipashwa kwa nyuzi 160 huongezeka urefu kwa milimita 6 hivi. Kwa hiyo upande wa mbele hufungwa imara, na upande wa tanuri huachiwa uteleze. Lakini sehemu zote hazipati joto kwa pamoja, na moto wa haraka huzifanya zivutane mpaka viungo vikavuja. Mwenyeji wangu alinipa tambi la kufutia na kopo la mafuta, akaniacha nisugue huku tukingoja kwa saa kadhaa. Nilipouliza kwa nini tusiongeze makaa, alinijibu kwa kuniongezea tambi.

Sasa turudi kwenye swali letu. Kila safari hula chuma. Mirija hutobolewa na kutu, fani husagika, boila hufunguliwa kila baada ya miaka kama 10 ikaguliwe yote. Talyllyn na Dolgoch zilijengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, nazo zina maboila mapya. Je, bado ni injini zile zile? Wapo wataalamu wa makumbusho wanaosema kuwa hapana, na kwamba kila kipuri cha asili kinachotupwa ni ushahidi uliopotea. Hoja yao ina uzito. Ukitaka kujua mfua vyuma wa mwaka 1864 alitumia chuma cha namna gani, kipande kipya hakitakusaidia. Kwa upande mwingine, fundi wa Lamu hubadilisha mbao za jahazi moja baada ya nyingine kwa miaka mingi, na hakuna nahodha anayeliita jahazi lingine. Mimi naegemea upande wa jahazi, ila kwa sharti moja: kilichotolewa kiwekwe, kiandikwe, kisitupwe. Tywyn wameweka yote mawili, maana palepale stesheni pana jumba la makumbusho la reli nyembamba, ambamo vitu visivyotembea vimepumzika.

Tatizo linalowakabili leo ni jingine. Mgodi mkubwa wa makaa wa Ffos-y-Fran, uliokuwa Wales ya kusini na ambao makaa yake yalitumiwa na reli nyingi za namna hii, ulifungwa Novemba 2023. Makaa hutoka ng'ambo, na majaribio yanafanywa ya kuchanganya makaa na mabaki ya mimea. Kila aina ya makaa huungua kivyake. Mchocheaji aliyezoea miaka 30 hujikuta mwanafunzi tena, akijifunza unene wa moto na kiasi cha hewa.

Nasi hatuko mbali na jambo hili. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama injini nambari 5918, Mount Gelai, mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950. Ina uzito wa zaidi ya tani 250, na wenzake walipandisha mizigo kutoka Mombasa kwenda bara. Vijana waliochochea mioto ya injini hizo sasa ni wazee. Mwalimu wa sekondari aliye karibu na stesheni ya zamani, iwe Voi, Tabora au Jinja, anaweza kuwatuma wanafunzi wakamtafute mzee mmoja na kumwuliza swali dogo tu: ulijuaje kwamba moto umekaa sawa? Majibu yaandikwe kama yanavyosemwa.

Kwa jaribio la darasani, chukua vikombe viwili vya plastiki vyenye mdomo mpana na kitako chembamba. Vigandishe mdomo kwa mdomo kwa utepe, ili katikati pawe panene. Weka fimbo mbili zilizonyooka sambamba juu ya meza iliyoinamishwa kidogo, kisha viringisha vikombe juu yake. Vikisogea kushoto, upande wa kushoto utakanyaga penye mzingo mkubwa, utakwenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na vikombe vitajirudisha katikati. Magurudumu ya garimoshi yamechongwa kwa kanuni hiyo hiyo. Halafu gandisha vikombe vingine kitako kwa kitako, na uone vitakavyoanguka. Mwisho, rudia na vile vya kwanza, ukizitanua fimbo milimita chache kila mara, na andika umbali ambao vikombe vinadondoka kati yake.