Hupima Machache, Hukokotoa Mengi

Julai 6, 2025, Anastasia Pavlyuchenkova wa Urusi alibakiza pointi moja kushinda gemu dhidi ya Mwingereza Sonay Kartal kwenye Uwanja Mkuu wa Wimbledon. Kartal akapiga mpira uliotua nje, tena nje wazi kabisa. Mfumo wa kielektroniki, ambao mwaka huo ulichukua nafasi ya waamuzi wa mistari kwa mara ya kwanza katika historia ya mashindano hayo, ulinyamaza. Baadaye ilielezwa kwamba ufuatiliaji wa mpira katika sehemu ile ya uwanja ulizimwa kimakosa na mhudumu wa mfumo. Mwamuzi aliagiza pointi irudiwe. Pavlyuchenkova akaikosa gemu ile, ingawa mwishowe alishinda mechi.

Mjadala uliofuata ulihusu kama binadamu warudishwe kwenye mistari. Liko swali lingine, linalomgusa hata mchezaji wa jioni kwenye klabu ya mtaani: mfumo kama huo ukiwa umewashwa na uko sawasawa, huwa unaona nini hasa? Kuanzia kamera za Wimbledon hadi kidude kinachofichwa kwenye mpini wa raketi, vifaa hivi vyote vina tabia moja. Hupima mambo machache, kisha hukokotoa mengine yote. Namba zote huonekana sawa kwenye skrini, lakini hazistahili imani sawa.

Tuanze na kamera. Hawk-Eye, mfumo maarufu kuliko yote, ulibuniwa Uingereza na Paul Hawkins na ukaanza kutumika kwenye matangazo ya kriketi mwaka 2001. Kilichoisukuma tenisi kuukubali ni robo fainali ya US Open ya 2004, pale Serena Williams alipopokonywa pointi dhidi ya Jennifer Capriati ilhali marudio ya televisheni yalionyesha mpira wake ulikuwa ndani. Mwaka 2006, kwanza Miami na kisha US Open, wachezaji walipewa haki ya kupinga uamuzi na kuomba picha ya mashine.

Kanuni yake ni ya jiometria. Kamera kadhaa hufungwa kuuzunguka uwanja, na mahali pa kila moja panajulikana kwa usahihi. Kila kamera inajua mpira uko upande gani, lakini peke yake haijui uko umbali gani. Mistari ya kamera mbili au zaidi inapokatana, mahali pa mpira panapatikana. Mfululizo wa nukta hizo ndio unaochorwa kuwa njia ya mpira.

Kati ya nukta na nukta, hata hivyo, pana pengo. Mpira unaokwenda kilomita 150 kwa saa husafiri karibu mita 42 kwa sekunde. Kamera inayopiga picha 300 kwa sekunde huukuta umesogea karibu sentimita 14 kutoka picha moja hadi nyingine, yaani zaidi ya vipenyo viwili vya mpira wenyewe. Juu ya hayo, mpira unapogusa chini hubonyea na kuteleza kabla ya kuinuka. Kwa hiyo ile alama inayoonyeshwa kwenye skrini kubwa, huku mashabiki wakipiga makofi, si picha ya mpira ukigusa ardhi. Ni hesabu ya mahali ambapo huenda uligusa.

Hesabu hiyo ni nzuri sana. Kosa lake la wastani hutajwa kwa milimita chache, na jicho la mwamuzi haliwezi kushindana nalo. Lakini wastani una pande zake mbili: mara nyingine kosa huwa dogo zaidi, mara nyingine kubwa zaidi. Katika fainali ya Wimbledon ya 2007, mpira wa Rafael Nadal ulioitwa nje ulionyeshwa na mashine kuwa ulishika mstari kwa milimita 1 tu. Roger Federer alikasirika hadi akamwomba mwamuzi mfumo uzimwe. Milimita 1 ilikuwa ndogo kuliko kosa la wastani la mfumo wenyewe wakati huo. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mashine ilikosea, wala kwamba ilipatia. Ilichotoa ni uamuzi usio na upendeleo, na hilo katika michezo lina thamani yake. Si wote walioikubali: mashindano ya Roland Garros, ambako udongo hubaki na alama ya mpira, yaliendelea kutumia waamuzi wa mistari hata mwaka 2025.

Vifaa vya kundi la pili havina macho kabisa. Mwishoni mwa 2013 Babolat ilitoa raketi yenye vihisi ndani ya mpini. Sony ikafuata na kihisi cha gramu 8 kinachofungwa kwenye kitako cha mpini. Tangu Januari 2014 kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi zimeweka utaratibu wa kuviruhusu vifaa vya aina hii mashindanoni baada ya kuidhinishwa, mradi mchezaji asiletewe taarifa wakati ambapo hata kocha haruhusiwi kusema naye.

Ndani ya kidude hicho mna vipande vidogo sana vya silikoni. Kimoja hupima mchapuko, kingine hupima kasi ya kuzunguka. Mfikirie abiria aliyefumba macho ndani ya daladala: atajua dereva amefunga breki, atajua amekata kona, lakini umwulize baada ya nusu saa wamefika kituo gani, atabahatisha. Kihisi cha raketi ni hivyo hivyo. Kinajua mpini umezungukaje na kwa kasi gani. Mpira hakijawahi kuuona.

Basi kasi ya mpira inatoka wapi? Inakokotolewa kutokana na kasi ya raketi, pamoja na makadirio ya mahali mpira ulipogonga nyuzi. Mguso wenyewe hudumu takriban milisekunde 5. Ukipiga katikati ya nyuzi, mpira huondoka kwa kasi kubwa. Ukipiga karibu na ukingo, mkono ule ule hutoa mpira dhaifu. Ndiyo maana baadhi ya vihisi husoma pia mtetemo wa fremu ili kubaini mpira umegonga wapi. Mzunguko wa mpira nao hukisiwa kutokana na jinsi raketi ilivyopanda na kuinama. Ni kisio juu ya kisio.

Siku hizi kazi hii imehamia kwenye simu. Programu kama SwingVision hutumia kamera moja iliyotundikwa kwenye uzio. Kamera moja haioni kina, kwa hiyo programu huegemea vipimo vya uwanja vinavyojulikana, urefu wa mita 23.77 na upana wa mita 8.23 kwa mchezo wa mmoja mmoja, ili kugeuza picha bapa kuwa ramani. Kwa picha 60 kwa sekunde, ule mpira wa kilomita 150 kwa saa huruka karibu sentimita 70 kati ya picha na picha. Kuamua kama uligusa mstari kwa ushahidi huo ni kujidanganya. Kujua kama foahendi zako nyingi zinaishia katikati ya uwanja badala ya pembeni kunawezekana kabisa.

Kwa anayetaka kununua au anayetumia tayari, mpangilio wa imani uwe huu. Idadi ya mapigo na urefu wa kila mfululizo wa kurudishiana mpira ni mambo ya kuhesabiwa, na mashine huhesabu vizuri. Eneo la jumla ulikotua mpira, kwa kamera, hufuata. Kasi ya raketi, kwa kihisi, inafaa kufuatilia mabadiliko. Kasi ya mpira ichukuliwe kama makadirio, na kiwango cha mzunguko kiwe cha mwisho.

Kisha jilinganishe na nafsi yako, kwa kifaa kile kile, kwenye uwanja ule ule. Anayefanya mazoezi Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, anapiga kwenye hewa nyepesi kuliko ya Mombasa. Mpira wake haupotezi kasi nyingi hivyo njiani na huruka mbali zaidi, lakini kihisi cha kwenye mpini hakitaliona hilo; kitaandika namba zile zile huku mipira ikitoka nje. Kocha aliyesimama pembeni ataligundua baada ya mapigo machache. Kifaa kimpunguzie kocha huyo kazi ya kuhesabu, ili macho yake yabaki kwenye miguu na mabega ya mchezaji, mahali ambapo kihisi cha mpini hakifiki.