Je, Shina Lote Limeugua?

Mwaka 2006 mnyauko wa migomba ulionekana Muleba, kisha ukafika Bukoba. Majani hunyauka. Ndizi huiva kabla ya wakati. Ukikata mgomba, hutoka usaha wa manjano.

Mabwana shamba tulisema: ng'oa shina lote na machipukizi yake! Kazi ilikuwa ngumu, na kibanja kilibaki wazi. Waliokata mgomba mgonjwa tu tuliwaita wabishi. Nami niliwaita hivyo.

Baadaye watafiti waliuliza: mgomba mmoja ukiugua, je, yote ya shina lile imeugua? Walichunguza. Si yote!

Sasa tunasema: kata mgomba mgonjwa peke yake, chini kabisa. Choma panga motoni kabla ya kugusa mwingine. Ua dume livunje kwa kijiti chenye panda, maana wadudu huleta ugonjwa hapo. Kagua kibanja kila wiki.