Fahamu: Tiba ya kurudisha protini iliyopungua katika kinga ya kuzaliwa

Miongoni mwa maradhi ya kurithi yanayoathiri kinga ya kuzaliwa, ile iliyomo mwilini kabla haujajifunza kumtambua adui yeyote, imo anjioedema ya kurithi, ambayo tabibu William Osler aliieleza mwaka 1888, na ambayo asili yake, upungufu wa protini iitwayo kizuizi cha C1, ilibainishwa na Donaldson na Evans mwaka 1963.

Protini hiyo ikipungua, kemikali ya mwili iitwayo bradikinini huzidi, mishipa midogo ya damu huvuja, na uso, matumbo au koo huvimba, hata pumzi ikaingia hatarini. Kwa kuwa huu si mzio, adrenalini na dawa za mzio hazifai kitu. Tiba mojawapo ni kumrudishia mgonjwa, kwa sindano, protini ileile iliyochujwa kutoka plazma, yaani majimaji ya damu, ya wachangia damu, nayo, kwa kuwa haidumu mwilini, hurudiwa takriban mara mbili kwa juma kwa anayehitaji kujikinga daima.

Kwa kuwa kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa nusu kwa nusu wa kurithi, twakuusia, msomaji, ukimwona jamaa anayevimba mara kwa mara pasi na mwasho wala vipele, umhimize akapimwe damu mapema.