Mkono Unaotetemeka Si Mkono wa Mlevi

Karibu kila skimu ina mzee wa namna hii. Zamani hakukosa baraza, na akisimama kusema watu walinyamaza. Siku hizi haonekani. Mkewe ndiye apelekaye maziwa, mwanawe ndiye apokeaye malipo ya ushirika, na ukiuliza habari zake unaambiwa ni mzima, amechoka tu. Ukimtembelea utamkuta ameutia mkono mmoja mfukoni, wala hautoi. Majirani wamekwisha kuamua: wengine wasema ni pombe, wengine wasema amerogwa.

Huenda mzee huyo ana ugonjwa uitwao Parkinson, kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeandika habari zake mwaka 1817. Ndani ya ubongo wa kila mtu kuna chembe zinazotengeneza dopamini, nayo huufanya mwili uende kwa ulaini, kama mafuta katika mashine. Chembe hizo zikifa kidogo kidogo, viungo hukakamaa, mwendo huwa wa polepole, na mara nyingi mkono hutetemeka. Ugonjwa huu hauambukizi kwa kupeana mikono wala kwa kula sahani moja. Mgonjwa hakufanya kosa lolote. Wataalamu wameona uhusiano kati yake na dawa fulani za kuua magugu, kama paraquat, lakini kwa wagonjwa wengi sababu yenyewe haijulikani.

Aibu yake hutoka hasa katika mambo ambayo watu huyaelewa vibaya. Mkono hutetemeka zaidi ukiwa umepumzika, na mara nyingi hutulia kidogo ukishika jembe. Basi watu husema anajifanya. Tena akijua anatazamwa hutetemeka zaidi, ndiyo maana chai humwagika mbele ya wageni, na si akiwa peke yake. Mishipa ya uso nayo hukaza, asiweze kutabasamu upesi, na mgeni huondoka akidhani amenuniwa. Sauti hupungua. Mwandiko pia huwa mdogo, tena hupungua kadiri mstari unavyoendelea, hata sahihi yake isifanane na ile ya miaka mitano iliyopita. Mtu aliyeheshimiwa kwa mkono wake wa kuandika akaambiwa mbele ya foleni kwamba sahihi si yake, je, atarudi tena?

Kuficha si jambo la wakulima peke yao. Mchezaji wa sinema wa Marekani, Michael J. Fox, aliambiwa na madaktari mwaka 1991 kwamba ana ugonjwa huu, naye alikuwa kijana wa miaka 29. Hakuutangaza mpaka mwaka 1998. Bondia Muhammad Ali, aliyepigana Kinshasa mwaka 1974, aligunduliwa kuwa nao mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha moto wa michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, mkono wake ukitetemeka mbele ya macho ya dunia nzima, wala hakuuficha mfukoni.

Hasara ya kujificha ni kwamba dawa ipo na mgonjwa haendi kuitafuta. Levodopa ilianza kutumika katika miaka ya 1960. Haiponyi, lakini huwarudishia wengi nguvu ya kufanya kazi. Humezwa kwa saa zilizowekwa na daktari, nayo isiachwe ghafula. Ikiisha nguvu mwilini, mtu aliyekuwa akipalilia saa nne huweza kushindwa kufunga vifungo saa sita. Huo si uvivu. (Mbegu za upupu, ule unaowasha, zina levodopa ndani yake. Asizile mtu kwa sababu hiyo, kwani hakuna ajuaye kipimo kilichomo katika kila mbegu.)

Wa nyumbani wasimnyang'anye kijiko wala kumlisha kama mtoto maadam aweza kula mwenyewe. Mpeni kikombe kikubwa chenye mkono, kikiwa nusu. Akisema polepole, msimmalizie maneno. Miguu ikigoma mlangoni kana kwamba imegandishwa, msimvute, ataanguka. Pigeni mstari wa chokaa sakafuni hapo, naye akijaribu kuuruka mara nyingi hatua hutoka. Ni jambo la ajabu, lakini madaktari wanalijua vizuri.

Barazani apewe kiti chenye mikono, karibu na mwenyekiti, ili sauti yake isikike. Na sisi makarani, sahihi ikibadilika, tumwite mtu kando na kumwuliza taratibu, au tumletee wino aweke kidole gumba. Foleni itangoja.