Shimo la Mtama Lina Bei Yake

Dodoma hupata mvua ya milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Kiasi hicho kingeutosha mtama kama kingebaki shambani. Lakini mvua huja kwa kishindo, maji hutiririka juu ya ardhi iliyoshikamana na kuishia makorongoni, kisha jua huwaka wiki mbili tatu mfululizo, pengine wakati masuke yanachanua. Ndiyo maana mbegu inayostahimili ukame, pamoja na ubora wake wote, haijitoshelezi: haiwezi kunywa maji yaliyokwisha kwenda zake.

Wakulima wa kijiji cha Chololo, mkoani humo humo, huyazuia maji ya mvua kwa mashimo yenye upana wa sentimita 22 na kina cha 30, yaliyopangwa kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 90 na kutiwa samadi au mabaki ya mazao. Wapo pia wanaoloweka mbegu usiku mmoja na kuianika kivulini kabla ya kupanda, ili iote upesi udongo ukiwa bado na unyevu. Mbinu hizi husifiwa kuwa za bei nafuu, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaozinadi. Kuloweka mbegu ni rahisi kweli. Mashimo je? Kwa vipimo hivyo ekari moja inabeba mashimo yapatayo 7,500. Ukitia nusu kilo ya samadi kila shimo, unahitaji karibu tani nne. Gharama ipo, ila inalipwa kwa mgongo wa mkulima, na mjane asiye na ng'ombe wala vibarua hawezi kuimudu.

Wapo watakaosema basi mbinu yenyewe haifai kibiashara. Sikubali, kwa sababu shimo likitunzwa hutumika tena msimu unaofuata, na penye maksai jembe la kuchana ardhi hupunguza kazi ya mikono. Wengine wanahofu kuwa mbolea ya dukani huunguza mimea mvua ikikatika. Hofu hiyo ina msingi kwa mbolea iliyomwagwa ovyo. Kipimo kidogo ni jambo jingine: huko Niger wakulima wa uwele hutia mbolea kiasi cha kizibo cha chupa tu kwa kila shina.

Kinachokosekana ni fedha ya vibarua kabla ya msimu. Mkopo wa mbegu na mbolea unaotolewa Desemba hauchimbi shimo la Septemba. Benki na vyama vya ushirika vikitoa fedha kiangazi, kwa awamu, afisa wao ataweza kwenda shambani na kuyahesabu mashimo yaliyochimbwa kabla ya kutoa awamu ya pili.