Nyigu alindaye kabichi bure auawa na bomba la dawa

MKULIMA wa kabichi anayepiga dawa kila wiki na bado kuvuna majani yenye matundu huwa mwepesi kulaumu duka la pembejeo. Mara nyingine dawa huwa bandia kweli. Lakini huenda pia muuzaji hana kosa: viwavi wamekwisha kuizoea dawa hiyo.

Kiwavi anayezungumziwa hapa ni yule mdogo wa kijani akaaye chini ya jani, ambaye akiguswa hujinyonganyonga na kuning'inia kwa uzi. Ni mtoto wa nondo wa kijivu mwenye alama kama almasi mgongoni, aitwaye Plutella xylostella. Mwaka 1953, huko Java nchini Indonesia, nondo huyu alikuwa mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuishinda DDT. Tangu hapo amezishinda aina nyingi za dawa.

Kwa sababu hiyo Kituo cha Kimataifa cha Fiziolojia na Ikolojia ya Wadudu (ICIPE) cha Nairobi kilileta kutoka Taiwan nyigu mdogo, Diadegma semiclausum, ambaye asili yake ni Ulaya. Julai 2002 aliachiliwa Werugha, katika milima ya Taita inayolisha Mombasa mboga, na Septemba mwaka huo Tharuni, upande wa Limuru. Baadaye alipelekwa Tanzania na Uganda.

Jina la nyigu lisimtishe mtu. Huyu hana haja na binadamu. Jike humdunga kiwavi na kutaga yai ndani ya mwili wake. Funza wa nyigu humla kiwavi kutoka ndani. Kiwavi huendelea kula siku chache, husokota kifukofuko kama kawaida, lakini anayetoka humo ni nyigu, si nondo.

Huko Werugha viwavi walipungua sana katika miaka michache iliyofuata. Makadirio ya wachumi yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba kila shilingi 1 iliyotumiwa katika mradi huo ingerudisha shilingi 24 katika muda wa miaka 25. Ni biashara chache za shamba zinazolipa hivyo, tena mkulima hatoi hata senti.

Tatizo ni vidukari. Nyigu huyu hawagusi, kwa hiyo mkulima akiwaona hukimbilia dawa kali inayoua kila mdudu. Vidukari hupungua kwa muda, nyigu nao hufa, na viwavi waliokwisha kuizoea dawa hubaki bila adui. Mkulima huongeza dawa. Hapo ndipo faida ya kabichi inapoishia: dawa, maji na kibarua wa bomba, msimu baada ya msimu, kwa kazi iliyokuwa ikifanywa bure.

Ni nafuu kukagua miche kwanza na kupulizia sehemu iliyoshambuliwa tu, kwa dawa isiyo kali kama ya mwarobaini. Viwavi wakizidi, dawa zitokanazo na bakteria Bacillus thuringiensis huwaua bila kumdhuru nyigu, ila zisitumiwe mfululizo, kwani nondo huyu huzizoea nazo. Matundu kwenye majani ya nje ya kabichi yasimtie mtu hofu, maana majani hayo hubanduliwa sokoni. Hatari ni kiwavi akiingia kwenye kitovu cha mche. Kwa sukuma wiki hesabu ni nyingine, kwa sababu jani lenyewe ndilo bidhaa.

Nyigu huyu hupenda nyanda za juu zenye baridi. Kwa sehemu za joto na ukame aliletwa nyigu mwingine kutoka Afrika Kusini, Cotesia vestalis.

Kabla ya kujaza bomba, mkulima wa nyanda za juu ageuze majani atazame vifukofuko. Kile chepesi kama wavu, chenye mdudu wa kijani anayeonekana ndani, ni cha nondo. Kile cha kahawia, kigumu, butu pande zote mbili kama kipipa, ni cha nyigu. Vya kahawia vikiwa vingi, bomba lirudi stoo.