Injini Imefanyiwa Ovahoo, Gari Halizunguki: Soma Haya Kabla ya Kulipa Tena

Gari la zamani limekaa gereji wiki tatu. Injini imeshushwa, kranki imechongwa, pistoni na beringi mpya zimewekwa, na pesa zilizotengewa karo zimeishia huko. Siku ya kulichukua, mwenye gari anageuza funguo na kusikia kimya, au mlio mmoja wa "tak" kisha basi. Fundi anakuna kichwa na kusema injini itabidi ifunguliwe tena.

Kwa wakazi wengi wa Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, gari kama hili si la starehe. Ni pikapu ya nyasi na maziwa, au gari dogo la kupeleka bidhaa sokoni. Kila siku linapolala gereji, mapato yanalala pia. Kabla hujakubali injini ifunguliwe mara ya pili, yapo mambo ya kukagua ambayo hayagharimu pesa nyingi.

Kwanza tutenganishe shida mbili zinazochanganywa sana. Injini inayozunguka lakini haishiki ina tatizo la mafuta, la moto wa plagi au la taimingi. Injini isiyozunguka kabisa ama haipati umeme kwenye stata, ama imekwama yenyewe. Ukisema tu "gari haliwaki", fundi anaweza kuanzia mahali pasipofaa. Mweleze ulichosikia na ulichoona.

Washa taa kubwa, kisha geuza funguo. Taa zikibaki na mwanga uleule na kukawa kimya, umeme haufiki kwenye stata. Zikififia sana na stata ikanguruma bila kuzungusha kitu, betri ni dhaifu, kuna waya mbovu au injini imekwama. Milio ya "tak-tak-tak" ya haraka mara nyingi ni betri au terminali iliyolegea. (Mwandishi wa makala haya aliwahi kusukumiwa gari mchana kutwa kwa sababu ya terminali moja, kwa hivyo hadharau jambo hili.) Betri ya volti 12 iliyojaa husoma takriban 12.6 kwenye mita. Ikisoma chini ya 12, ichajiwe kwanza. Betri iliyokaa wiki kadhaa bila kazi huisha, hata kama ilikuwa nzima gari lilipoingia gereji.

Kisha kuna waya wa arthi. Huu ndio tungeutazama mapema kuliko vyote. Stata hupokea umeme kupitia waya mnene kutoka upande wa chanya wa betri, lakini umeme huo lazima urudi kwenye hasi kupitia mwili wa injini. Injini hukaa juu ya mipira, na mipira haipitishi umeme, ndiyo maana kuna waya mnene unaounganisha injini na betri au bodi ya gari. Injini inaposhushwa, waya huo hufunguliwa. Wakati wa kurudisha, husahaulika, au hufungwa juu ya rangi mpya, grisi au kutu, na stata hukosa nguvu. Katika magari ya zamani kuna dalili nyingine: umeme ukikosa njia yake hupita kwenye kebo ya akselereta au ya klachi, na kebo hiyo hupata moto.

Jaribio lake ni rahisi. Hakikisha gari liko "P" au gia huru, breki ya mkono imevutwa, na hakuna petroli inayovuja. Chukua waya mmoja wa jampa, unganisha hasi ya betri na chuma kisafi kwenye injini, kisha geuza funguo. Injini ikizunguka, umepata jibu kwa bei ya waya na bolti.

Ikiwa bado kimya, tazama waya mwembamba unaoingia kwenye stata, kwani ni rahisi kuchomoka au kuachwa ukining'inia. Kwa gari la otomatiki, kagua plagi ya swichi ya gia iliyo kwenye gia boksi. Ikiachwa wazi, gari hudhani liko kwenye gia na hukataa kuzungusha. Jaribu funguo likiwa "N" badala ya "P". Angalia fyuzi na rilei ya stata. Na kama gari lina alamu au kifaa cha kufuatilia, hasa lililonunuliwa kwa mkopo, kumbuka kwamba vifaa hivyo vingi hufungwa kwa namna ya kukata umeme wa stata.

Sasa injini yenyewe. Chomoa waya wa hasi kwenye betri, toa plagi zote, kisha zungusha puli ya kranki kwa spana ya boksi, upande ambao injini huzungukia kawaida. Nyingi huzunguka kufuata mshale wa saa ukizitazama upande wa puli, ila Honda nyingi za zamani huzunguka kinyume. Injini mpya huwa ngumu kidogo, lakini bila plagi mtu mmoja anapaswa kuizungusha mizunguko miwili kamili. Ikigonga mahali pamoja kila mara, usilazimishe: huenda taimingi imefungwa vibaya na valvu zinagusa pistoni. Ikiwa ngumu mzunguko wote, shuku beringi za saizi isiyolingana na kranki iliyochongwa, au vifuniko vya beringi vilivyobadilishana nafasi. Yakitoka maji au oili kwenye tundu la plagi, silinda ilikuwa imejaa, na kuendelea kutumia stata kungeweza kupinda mkono wa pistoni. Kwa sababu hiyohiyo, usikubali gari lisukumwe au livutwe ili lishike kabla ya ukaguzi huu.

Ikizunguka vizuri kwa mkono, rudisha waya wa betri, uache plagi nje, mafuta na moto wa plagi vikiwa vimekatwa, kisha tumia stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izimike. Ndipo plagi zirudishwe.

Iwapo kosa ni la ufungaji, gharama si yako peke yako. Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari, na una haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi. Yadai kwa maandishi, weka risiti, na omba vipuri vya zamani virudishwe. Uliza pia fundi kama ana cheti cha majaribio ya ufundi cha NITA. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza kesi za hadi Sh1 milioni, na si lazima uwe na wakili.

Na kama fundi alibadilisha injini nzima badala ya kukarabati ile ya awali, nambari yake haitalingana na iliyo kwenye logibuku. Peleka mabadiliko hayo NTSA kabla ya kurudi kwenye Barabara ya Namanga.